Nukta Iliyomfuata Kuku

Katika ukumbi wa kijiji cha Ilembo, mume wa Fausta alikaa mbele ya kioo cha video cha watafiti wa macho akisubiri kumulikwa tochi machoni. Hakujua kwamba kamera ilishaanza kumpima kwa mwanga usioonekana.

Tangu mumewe apofuke, Fausta alilima tumbaku peke yake na kumwongoza kwa fimbo hadi chooni.

Kwenye kioo kuku alikatiza. Kwenye kompyuta ya mtaalamu, nukta nyekundu ikamfuata.

"Nukta hiyo ni nini?" Fausta alinong'ona.

"Inaonyesha mzee anapotazama, dada."

Kuku akageuka ghafla. Nukta nayo ikageuka.

Fausta alifumba viganja vyake vyenye sugu za jembe.

"Mama watoto," mumewe aliita akipapasa hewa, "niongoze basi."

Fausta akashika ncha ya fimbo, akamwongoza taratibu, moja kwa moja kuelekea kwenye nguzo.