Saa ya Kipamkono

Mtaani kwa Bi Somoe, kila anayesimulia kwenye kikao cha jioni cha historia husahau alichosimulia, kikabaki vichwani mwa wasikilizaji. Watu wameshazoea. Bi Somoe alitaka kueleza usukaji wa mikeka tu, maana mikono yake ingesuka hata kichwa kikisahau. Mwanawe Mshindo, katibu wa kikao, ndiye aliyembembeleza.

"Mama, mikeka wameshaisikia. Wape harusi yako."

Akawapa. Ukumbi mzima ulilia.

Asubuhi Mshindo alimkuta mama yake akiigeuzageuza saa ya kiume aliyoivaa miaka yote.

"Mwanangu, hii saa ya nani?"

Mshindo alishindwa kumtazama. Sasa aliikumbuka harusi ile kama yake mwenyewe: baba yake, kijana, amesahau kipamkono, ile zawadi anayopewa bibi harusi kabla hajafunuliwa uso, akavua saa akampa. Akamweleza yote.

Bi Somoe alisikiliza kwa adabu, kama anayepewa habari za jirani.

"Bibi huyo alipata mume," alisema. Kisha akaivua saa, akamwekea kiganjani. "Mrudishie mwenyewe, baba. Atakuwa anaitafuta."