Makosa Thelathini

Maswali thelathini, makosa thelathini. Daktari Wiebke Lorenzen alihesabu upya kwa kidole, kisha akampa karatasi msaidizi wake, Tjark, naye ahesabu.

"Sifuri ya kuzaliwa nayo," Tjark akacheka. "Huyu angemwachia paka wake ajibu, angepata kumi na tano."

Wiebke hakucheka. Juu ya karatasi lilikuwapo jina la Hauke Brodersen, na kando yake muhuri wa ofisi: jaribio la tatu. Nchini kwao hakuna la nne. Anayeanguka mara tatu katika somo la lazima, kama hili la uwezekano, hufukuzwa, na hakuna chuo kikuu kingine kitakachompokea kusomea hisabati maisha yake yote. Mara ya pili Hauke alikosa kupita kwa alama moja tu. Mwaka juzi Wiebke alimwangusha msichana mmoja hivyo hivyo, na hadi leo hapendi kupita kwenye korido aliyomsikia akilia.

Lakini maneno ya Tjark yalimkaa kichwani. Kweli au si kweli, mara thelathini. Asiyejua kitu hupata karibu nusu, apende asipende. Kukosa yote kwa kubahatisha hutokea mara moja katika mara bilioni moja. Huyu kijana alijua kila jibu.

Akatoa kabatini mtihani wa mwaka uliopita, akauweka kando ya huu. Miaka yote safu ya "kweli" ilikuwa kushoto. Mwaka huu karani mpya aliihamishia kulia, na Wiebke mwenyewe akapitisha bila kutazama. Wanafunzi hufanya mazoezi kwa mitihani ya zamani wanayorithishana, mpaka mkono unakwenda wenyewe. Wengine waliona mabadiliko. Huyu, kwa hofu ya jaribio la mwisho, hakuona.

Akamwita. Hauke alikuja na suruali ya kazi, gundi imemkaukia vidoleni. Mchana alikuwa kibarua kwa fundi wa vinanda vya kanisa. Wiebke alishangaa kidogo, maana baba wa kijana huyu ndiye mwenye ofisi ya bima sokoni, ile yenye kibao cha "Brodersen na Mwana". Mwana mwenyewe alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Safu ziligeuzwa, Hauke. Uliziona?"

"Niliziona, Daktari."

"Usinifunikie. Kosa ni la ofisi yangu. Sema tu kwamba ulichanganyikiwa."

"Sikuchanganyikiwa. Makosa ni yangu." Alitazama sakafu. "Barua ya kufukuzwa inakwenda nyumbani?"

"Ndiyo, inakwenda."

"Na baba akija hapa kupiga kelele, hawezi kubadili kitu?"

"Hawezi. Hata mimi sitaweza."

"Basi niandikie tano yangu, yaishe. Tafadhali."

Tano ndiyo alama ya kuanguka. Moja ndiyo ya juu kabisa. Wiebke aliumia. Kijana amemwogopa baba yake hadi hana nguvu ya kujitetea. Basi atatetewa.

Kamati ya mitihani ilikutana Alhamisi. Mwenyekiti, Profesa Detlefsen, aliisukuma karatasi kando na kikombe chake cha chai.

"Wiebke, mwenyewe hajalalamika. Wewe unamlilia nini?"

"Namlilia kwa sababu hajui kujililia."

Alisimama ubaoni saa nzima akiandika hesabu zake. Alikiri mbele ya wote kwamba alipitisha mtihani bila kuutazama, jambo ambalo lingeweza kumwondoa kwenye kozi aliyoifundisha miaka tisa. Mwishowe wakapiga kura. Watatu walikubali, wawili wakakataa: safu za Hauke Brodersen zisomwe kinyume. Thelathini kati ya thelathini. Uamuzi ukatiwa saini hapo hapo, na kwa kanuni za chuo haufutiki.

Hakungoja barua ifike. Alishuka ngazi mbili mbili, yeye mwanamke wa miaka hamsini na sita, akamkuta Hauke nje akifungua kufuli ya baiskeli.

"Moja," akamwambia, akihema. "Moja kamili. Tangu nianze kozi hii hakuna aliyeipata."

Hauke aliachia kufuli. Akakaa chini, pale pale kwenye lami, akafunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika. Wiebke akachuchumaa kando yake, naye machozi yakimlengalenga.

"Lia tu, mwanangu. Umeyabeba mengi peke yako. Leo nenda ukamwambie baba yako."

"Ningerudisha karatasi tupu, angejua nimefanya makusudi," Hauke akasema bila kuinua uso. "Aliapa ataniachia niende kwenye vinanda vyangu siku chuo kitakapomwandikia kwamba sina kichwa cha hesabu. Nilisoma miezi minne, Daktari, usiku na mchana, nisije nikapata hata swali moja kwa bahati."