Spika Ndani ya Mtungi

Kikohozi kilitoka chumba cha uani palepale wimbo ulipokwisha, kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Fundi Nassibu akakohoa na yeye, kwa nguvu, akiwa kibarazani na bisibisi mkononi, macho kwa mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na ndoo. Mwanamke hakugeuka.

Ilikuwa siku ya tisa tangu Lugembe, kaka wa mkewe Minza, aingie nyumbani kwao mjini, mtaa wa Ng'ambo, amejitanda gunia. Kule kwake Lusu, operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika mlangoni kwake, alimsukuma mgambo aliyekuwa akiezua paa lake; mgambo akaanguka, akavunjika mkono. Sasa Lugembe alikuwa akitafutwa. Angekamatwa, angekwenda ndani, na Nassibu angemfuata, maana kila anayelaza mgeni ilimpasa amwandikishe kwenye daftari la mjumbe wa nyumba kumi. Nassibu hakuwa ameandikisha mtu.

Kujificha Lugembe alijua. Kilichomponza ni kifua. Miaka ya kukausha tumbaku kwenye moshi ilimwachia kikohozi kizito, cha chini, kinachopenya ukuta wa udongo kana kwamba hakuna ukuta.

Redio peke yake haikusaidia. Spika ndani ya boksi lake ilitoa sauti nyembamba ya puani, na kikohozi kilipita chini yake kikafika barabarani. Kilichotakiwa ni besi, na besi ya mtu asiye na kitu Nassibu aliijua. Mwezi wa sita Mzee Limbu, mjumbe mwenyewe, alimwita achomoe spika ya redio yake na kuifunga kwenye mdomo wa mtungi wa maji. Sauti ikatoka nene, mzee akafurahi, akaubeba mtungi ndani mwenyewe, fundi akaishia kibarazani. Tangu hapo redio ya mjumbe ilinguruma kutwa, hata betri zilivyo adimu, na mkewe akitwanga uani. Mtaa ukasema ndiyo mapenzi ya chama hayo.

Basi Nassibu akamfungia shemeji yake mtungi. Akauweka mezani, besi ikapotea hewani. Akauteremsha sakafuni, afadhali. Akausogeza hadi ukuta wa barabarani, sufuria zikatetemeka, Minza akacheka kwa mara ya kwanza tangu kaka yake aje. Lakini wimbo haukosi kwisha, na hapo ndipo roho zao zilipokuwa zikiruka.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mzee Limbu, daftari kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakungoja kukaribishwa. Alimtanguliza fundi ndani, akaurudisha mlango nyuma yake, akatia komeo. Nassibu hakuwahi kuona mjumbe akifunga mlango wa mtu mchana.

"Mko wangapi humu siku hizi?"

"Wawili tu, mzee. Mimi na mke wangu."

Limbu alifungua daftari, akapitisha kidole ukurasani, akalifunga bila kuandika neno. Redioni wimbo ulikuwa ukielekea ukingoni. Nassibu aliujua ule wimbo. Yalibaki mapigo machache. Aliomba kimoyomoyo mtangazaji awahi. Minza alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, ameshika mwiko kwa mikono miwili.

Wimbo ukaisha. Kikohozi kikaja, kirefu, cha kuchimba.

Nassibu akakohoa juu yake, lakini alichelewa. Minza naye akakohoa. Mzee Limbu akawatazama, huyu kisha yule, mpaka wakaishiwa pumzi.

"Poleni," alisema. "Nyumba nzima?"

"Vumbi, mzee."

"Vumbi hilo nimelisikia tokea barabarani." Sauti yake haikupanda. "Mgambo wamefika na lori asubuhi. Kesho wanapita nyumba kwa nyumba, na mimi mbele yao na daftari hili. Beba redio, unifuate."

Yeye mwenyewe alikwisha kuukumbatia mtungi, akaelekea uani, waya ukiwaunganisha yeye na fundi.

"Mzee, nakuomba," Nassibu alisema, redio mikononi. "Mke wangu hana kosa. Nichukue mimi."

Limbu aliusukuma mlango wa chumba cha uani kwa goti. Lugembe alikuwa amechutama nyuma ya magunia ya karanga, kitambaa mdomoni, macho yamemtoka. Minza akaanza kulia bila sauti.

Mjumbe alimpita kama hakumwona. Akautua mtungi kwenye kona ya ndani kabisa, pale kuta mbili zinapokutana, akaugeuza mdomo uelekee konani. Akabandika kiganja ukutani, akasikiliza kwa mkono. Akausogeza kidogo nyuma, nafasi ya vidole vinne, akabandika tena kiganja. Besi ikavimba ikajaa chumba, udongo ukapukutika kutoka darini.

Lugembe akashindwa kujizuia, akakohoa. Nassibu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Aliyaona mabega yakiruka, lakini hakusikia kitu.

"Kuuweka ukuta wa barabarani ulikosea," Limbu alimwambia sikioni. "Kona ndiyo inayokusanya sauti. Na kati ya wimbo na wimbo, mkeo awe anatwanga."

Mzee alijipangusa vumbi magotini, akalirudisha daftari kwapani, akashika mlango.

"Na ushukuru, mwanangu," alisema. "Mgeni wako anakohoa tu. Wangu anakoroma."