Kadi na Mtambo

Mwanangu alichomoa kadi ya laini kwenye simu yake mpya akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na kidoa cha dhahabu, kidogo kuliko ukucha wangu.

"Mama, hii kadi na mtambo wa simu kule Kinoru wako na siri moja. Mtambo unauliza, kadi inajibu, lakini siri yenyewe haitamkwi hewani. Mwizi atasikia nini?"

Akamwinulia nyusi mke wake, Kaari. Kaari akacheka, akamwongezea sukari kwenye chai.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza mwanangu.

"Sijasema kitu, mama."

Kweli, hakusema. Zamani kanisani ni mimi niliyemtazama hivyo, naye akaelewa bila neno.

Nikamwita Bwana Mungu moyoni anishike mkono, lakini vidole vilikuwa vimeshaanza kuikunja kadi. Ikalia ta, ikavunjika.