Jibu la Paukwa

Alasiri hiyo bendi ilipiga katika ukumbi wenye madirisha makubwa, na vumbi lilielea kwenye mwanga wa jua.

"Dada Siwema, leo tuuache wimbo wa mdogo wako," alinong'ona Kibwana, mpiga gitaa. "Miaka yote hii unamtafuta kwa nyimbo. Watu wanataka kucheza."

"Leo tu, Kibwana. Halafu nitauacha."

Kila wimbo wao ulikuwa hadithi. Huu ulikuwa wa Mashavu, aliyetoka nyumbani mchana mmoja akiwa msichana, asirudi tena. Utotoni, bibi yao aliposema paukwa, watoto wote walijibu pakawa, isipokuwa Mashavu. Ulimi wake uliteleza kila mara, akasema kapawa, na nyumba nzima ikacheka.

Siwema akafumba macho, akasogelea maikrofoni.

"Paukwa."

"Pakawa," ukumbi ukaitikia.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, sauti ya mwanamke ikachelewa kidogo. "Kapawa."

Watu wakacheka. Kibwana akaacha kupiga. Siwema hakufungua macho. Alirudia tu, kwa sauti ndogo zaidi, "Paukwa," na vumbi likaendelea kuelea kwenye mwanga.