Filamu Haijaisha

"Zimebaki ngapi, Fundi?"

"Tatu, mama."

Mpiga picha alijibu bila kumtazama usoni. Aliishusha ile kamera kuukuu kutoka rafuni, ngozi yake imebanduka ubavuni, lenzi imezungushiwa utepe mweusi, akajitia kupangusa vumbi ambalo halikuwepo. Mama wa watu alikuwa keshakaa kitini, mtandio mabegani, mikono mapajani, kama alivyokaa jana na juzi na siku zote tisa hizi.

Kamera ilikuwa tupu. Haikuwa na filamu hata ya dawa.

Yote yalianza kwa mzaha. Mwanawe huyu mama, mchomeleaji wa karakana ya jirani, aliingia studio mchana mmoja akitaka kupigwa picha kwa kamera ya zamani, si hii ya kisasa ya picha za vitambulisho. "Ya kumpa mama," alisema. "Ananililia picha tangu nimalize shule." Kijana alikuwa na maneno yule! Alimchekesha Fundi hadi machozi, na Fundi katika kucheka akasahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza halisahau: kutazama kile kidude cha juu ya kamera, upande wa kushoto. Filamu ikishika vizuri, kila ukivuta kwenda picha nyingine, kidude kinazunguka chenyewe. Kisipozunguka, ujue unapiga hewa.

Alipiga hewa. Aligundua wiki iliyofuata, namba ya picha ilipopita thelathini na sita, mwisho wa filamu, na kamera bado inavutika tu. Siku hiyo hiyo akasikia kwamba mchomeleaji ameanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akilichomelea, na hakuamka tena.

Mama alipokuja hakuwa na makuu. Alitaka picha. Simu ya mwanawe ilipondeka naye, na ukiacha ile ya utotoni, ya bila meno ya mbele, hakuwa na nyingine. Fundi alifungua mdomo aseme kweli. Ulimi ukasema mengine.

"Filamu haijaisha, mama. Siwezi kuisafisha mpaka iishe. Zimebaki kumi na mbili."

Loo, mtu mzima na mvi zake! Aibu ilimvaa papo hapo, lakini neno lilikwisha kutoka.

Mama aliiomba kamera aishike. Akapitisha kamba shingoni kwanza, akaigeuza taratibu, akairudisha. "Nyumbani tulikuwa nayo kama hii," alisema. Kisha akavuta kiti. "Basi nitakaa mimi mpaka iishe."

"Moja kwa siku," Fundi alidakia, akitafuta pa kujificha. "Picha hizi zinataka mwanga wa saa nne tu."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Ndipo siku zikaanza kupungua. Kila asubuhi mama alikaa pale alipokaa mwanawe, na kila asubuhi aliuliza jambo moja jipya.

"Alivaa shati gani?"

"La buluu, mama. Kifungo cha juu kimekatika."

"Nilimwambia alete nimshonee, mkaidi yule." Akafumba macho kidogo.

Siku nyingine aliuliza kama alicheka.

"Alicheka sana. Shavu likabonyea."

"La kushoto, eh? Kama baba yake."

Siku nyingine aliulizia mikono, na Fundi akamweleza juu ya kovu la moto kwenye kidole gumba, na jinsi kijana alivyolificha chini ya mkono wa pili. Alijishangaa kwamba anakumbuka yote hayo. Afadhali angekuwa amesahau.

"Angalia hapa, mama," alilazimika kumwambia kila mara, kwa maana macho yake hayakukaa kwenye lenzi. Yalikwenda juu kidogo, pembeni mwa kamera. Kisha anabonyeza, anavuta, na mama anashukuru. Shukrani hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi.

"Si umwambie tu?" mkewe alimgombeza. "Atakufanya nini? Atakumeza?"

Kofi angelipokea kwa mikono miwili. Kumwona mama wa watu anaamini, hilo ndilo lililommaliza.

Zikabaki mbili. Ikabaki moja.

Siku ya mwisho Fundi alipiga moyo konde. Alijizoeza mbele ya kioo: mama, nisamehe, picha ya mwanao sina. Lakini mama aliingia na gauni lililopigwa pasi, hereni masikioni, nywele zimesukwa upya. Fundi alinyanyua kamera, akajificha nyuma yake.

"Leo huulizi kitu, mama?"

"Sina tena la kuuliza. Mwanangu nimeshamwona, kuanzia shati mpaka kidole."

Alinyoosha mtandio, akainua kidevu, na kwa mara ya kwanza akaitazama lenzi sawasawa.

"Ila hii ya leo ni yangu mimi, baba. Tia filamu."