Papa Aliyependa Kupimwa

Zama zile za shibe, Nyani alikuwa akivua ili kujifurahisha tu. Kila asubuhi alimnasa papa yule yule mdogo, akamlaza mchangani, akampima kwa kamba, akasema, "Loo, umerefuka, bwana!" kisha akamrudisha majini. Papa alirejea kwao kifua mbele, na mdomo umechanika.

"Ndoana ni ndoana, mwanangu," jirani yake, Bi Pweza, alimwonya.

"Wasema hivyo kwa kuwa wewe hujapimwa hata siku moja."

Asubuhi moja Nyani hakuja. Juu ya jiwe lake alikuwa ameketi Paka. Huyu hakuwa na kamba ya kupimia. Alikuwa na chungu, na njaa ya siku tatu. Papa hakuuliza neno. Aliidaka ndoana, akavutwa hadi nchi kavu, akajilaza mchangani mwenyewe na kujinyoosha vizuri.

"Haya, pima upesi, ngozi yaanza kukauka."

Paka alimtazama yeye, kisha akakitazama chungu.

"Nimeshapima," akasema, huku akichochea moto. "Mkia umezidi kidogo, lakini si neno."

Papa akafurahi moyoni kusikia kwamba amezidi.